Tochi ya Risasi

Juzi niliingia duka dogo la simu pale Sanyuanli, hapa Guangzhou, kununua chaja, nikamkuta kijana wa Kichina amejikunja mezani anabandua stika nyuma ya redio za gari. Alikuwa na kopo la petroli ya viberiti na kitambaa cheupe. Anadondosha, anasubiri kidogo, anasugua kwa ukucha wa kidole gumba, stika inatoka nzima bila kuacha gundi. Harufu yake ni tamu mwanzoni, halafu inakausha koo. Nilitoka bila chaja. Nikasimama kwenye kivuli cha jengo, watu wananipita na mikokoteni ya makatoni, nikajiona tena nina miaka kumi, nimekaa sakafuni kwenye chumba chetu cha ghorofa ya saba, na baba ananiambia nisogee mbali kwa sababu petroli si kitu cha watoto.

Nyinyi mliokulia Guangzhou na wazazi wa biashara mnaijua sebule ya aina yetu. Makatoni ndiyo yalikuwa viti, ndiyo meza ya kufanyia hesabu za shule, ndiyo ukuta kati ya kitanda changu na cha wazazi. Tulijua mzigo kwa wenyewe: huu wa Kariakoo usiukalie, ule wa Unguja usiuegemee, una vioo. Mama alikuwa akinunua nguo soko la Shahe asubuhi na mapema, akirudi nazo anakata lebo za Kichina na kushona lebo alizoagizwa na wateja wake. Mimi kazi yangu ilikuwa kuokota nyuzi. Kwa hiyo kitu kubadilishwa jina nyumbani kwetu hakikuwa siri wala dhambi. Ilikuwa kazi ya nyumbani kama kuchambua mchele. Nalisema hili mapema kwa sababu bila hilo mtashangaa kwa nini sikushtuka.

Mjomba Haji, kaka yake mama, alikuwa fundi wa bunduki kwenye shamba la uwindaji Afrika Kusini. Alitoka Tanga kijana, akaenda kutafuta kazi ya kuchomelea mageti, akaishia kurekebisha bunduki za wageni wanaokuja kuwinda. Alikuwa na leseni zake zote, na kule mwenye leseni anaruhusiwa kujaza risasi mwenyewe: anachukua ganda lililokwisha pigwa, anatia fataki mpya, anapima baruti, anafunga kwa risasi mpya juu. Mjomba alikuwa akinieleza kwenye simu ya video kama mtu anayeeleza mapishi. Baruti ikipungua, risasi inakuwa goigoi, mnyama anajeruhiwa na kukimbilia porini na maumivu. Ikizidi, bunduki inakugeukia wewe. "Sasa mimi nitajuaje, Rahma?" aliniuliza siku moja. "Baruti haisemi. Risasi nayo ikitoka haisimami kunisalimia. Namna pekee ni kupima inakimbia vipi."

Kipimo alichokitaka kilikuwa cha rada. Unakiweka pembeni ya bunduki, kinatuma mawimbi yasiyoonekana, mawimbi yanaigonga risasi ikiwa hewani na kurudi, halafu kioo kinaandika mwendo. Siku hizi vimekuwa vidogo kama pakiti ya sigara. Wakati ule kilikuwa kitu bapa, ukubwa wa sahani ya pilau, kinasimama kwenye miguu mitatu. Baba alikuwa amezoea kuogopa trafiki wa barabara ya Chalinze wanaopima mwendo wa magari kwa kile tunachokiita tochi, basi naye akakiita hivyohivyo: tochi ya risasi. Mjomba alicheka sana. "Shemeji, hiyo ndiyo. Nataka kuikamata risasi yangu na kuiandikia faini."

Baba aliiona tochi nzuri kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou. Alirudi ameshika karatasi yenye picha, amekasirika, kwa sababu wenye kiwanda hawakutaka kuzungumza na mtu anayetaka katoni moja. Lakini alikuwa ameshamwambia mjomba ipo, na mjomba alikuwa ameshawaambia mafundi wenzake wa mashamba ya jirani, nao walikuwa wakisubiri. Baba hakuwa mtu wa kurudi na neno "nimekosa." Heshima yake yote mjini ilikuwa hiyo: ukimwagiza fulani, kitu kinapatikana.

Ndipo akampata bosi Lin.

Karakana ya bosi Lin ilikuwa nyuma ya ofisi za kago, juu ya ngazi za chuma. Mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, miwani imefungwa kamba, vidole vina alama za moto wa kuunganishia nyaya. Mwaka ule nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kutoka Tanga, na Kichina changu kilikuwa cha sokoni tu: bei gani, ghali, na *bu xing*, haiwezekani, neno ambalo mama alirudi nalo kutoka Shahe kila siku kama alivyorudi na vumbi. Cha baba hakikunizidi sana. Alitumia kikokotoo, picha za simu na mikono.

Bosi Lin alinimenyea balungi, akanipa kipande kwenye kitambaa. Halafu akaweka tochi yake mezani na kuanza kumweleza baba. Alivuta upinde wa hewani, akaachia mshale usioonekana, akaitikia kwa kichwa: ndiyo. Akarusha mpira wa hewani: ndiyo. Akaunda bastola kwa vidole viwili na kuonyesha inavyopigwa kwa pumzi tu, ile ya michezo, akafikiri kidogo: ndiyo. Kisha akashika bunduki kubwa isiyoonekana, kitako begani, jicho limefumbwa. "Pa," akasema. Mkono wake ukaanza kupanda kutoka mezani kama ndege ya abiria, ukapanda mpaka usawa wa paji la uso wake, ukasimama pale, halafu ukapinda na kushuka, ukashuka, mpaka ukalala juu ya meza.

Nilicheka mpaka balungi likanipalia. Yeye hakucheka. Alimtazama baba, akasema *bu xing*, akaurudia ule mchezo wote wa mkono kupanda na kushuka, polepole zaidi.

Baba akanipapasa kichwa. "Umeelewa anachosema?"

"Kapiga ndege," nikasema. "Ndege kafa."

"Ehee," akasema baba. "Ndege kafa." Akamgeukia bosi Lin, akamwonyesha dole gumba, akamwita rafiki, *pengyou*, na kuanza kuhesabu tochi kwa vidole.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza kwamba bosi Lin alikuwa mbahili. Kila *bu xing* niliyoijua ilikuwa ya bei. Niliona baba amemshinda.

Ili mjomba aridhike, tochi ilibidi ijaribiwe, na Guangzhou mtu wa kawaida hana bunduki. Baba akanipeleka kwenye ukumbi wa kulenga mishale, ghorofa ya chini ya jengo la maduka. Wasichana waliovaa fulana nyeupe wakanifunga ngozi kwenye mkono na kunipa upinde wa watoto. Mshale wangu wa kwanza ulikwenda kulala sakafuni. Wa pili ulifika. Kioo kikawaka namba, na baba, simu mkononi anarekodi, akanipigia mluzi. Nilivuta kwa nguvu zaidi, namba ikapanda. Nikalegeza makusudi, ikashuka. Sikumbuki kama nimewahi tena kupenda chombo namna ile. Walimu walikuwa wananisifu nikiwafurahisha, mama alinisifu akiwa na nafasi. Tochi ilisema nilichofanya, basi. Nilidhani inaniona.

Tochi zilikuja nyumbani kwenye maboksi meupe yenye picha ya msichana mwenye upinde. Baada ya siku chache baba alileta maboksi mengine, meusi, yaliyotoka kwa mchapaji, yenye picha ya risasi inayokata hewa na nyati nyuma yake. Tukagawana kazi. Mimi na mama tulikunja maboksi meusi, tukatia sponji na kufunga. Baba alikaa dirishani peke yake na kopo la petroli, akibandua stika nyuma ya kila tochi na kubandika mpya. Nilitaka kumsaidia.

"Baki huko huko. Hii inapanda kichwani."

"Mama anavumilia harufu ya nguo za Shahe."

"Mama yako ana kifua cha punda," baba akasema, na mama, bila kuinua macho, akamrushia mfuniko wa boksi. Tulicheka wote watatu. Chumba kilijaa ile harufu, dirisha liko wazi, baba amenigeuzia mgongo ili mvuke usinifikie. Nilijihisi nimependwa.

Mimi na mama hatukuzigeuza tochi hata moja kutazama nyuma. Zilitufikia zimesimama, kioo mbele, tukaziingiza hivyo hivyo.

Mjomba alikuwa na desturi yake, na wateja wengi wa baba walikuwa nayo: kabla mzigo haujaondoka, wakala anapiga simu ya video, anakionyesha kitu kinavyofanya kazi, anageuza kila upande, anasoma maandishi. Mtu yuko mbali, hana mkono wa kushika, anashika kwa macho ya mwenzake. Siku ya tochi, mjomba alishaiona video ya mishale, alishanicheka mkao wangu, lakini kuna jambo lilikuwa linamkereketa.

"Shemeji, mshale wa Rahma na risasi ya nyati ni vitu viwili," alisema. "Mwisho wa hii tochi ni wapi? Imeandikwa?"

"Imeandikwa nyuma. Nikusomee?"

"Wewe? Wewe ni mfanyabiashara, utanisomea kilichomo moyoni mwako. Mpe mjomba wangu mdogo." Aliniita hivyo kwa utani, mimi na yeye tukiitana mjomba.

Baba akanipa tochi. Sikumbuki akisita hata kidogo. Akashika simu, akaielekeza usoni kwangu, si kwenye tochi. Wakati ule nilidhani anataka mjomba anione.

"Geuza, mama," mjomba akasema. "Tafuta namba kubwa kuliko zote."

Nikageuza. Stika ilikuwa ya fedha, mpya, herufi nyeusi. "Elfu moja na mia mbili, mjomba. Halafu wameandika mita, mstari, sekunde."

"Rudia."

"Elfu moja mia mbili."

"Moja, mbili, sifuri, sifuri?"

"Moja, mbili, sifuri, sifuri."

"Haya," akasema, na nikamwona anaegemea nyuma kwenye kiti chake. "Hapo nimelala usingizi. Mtoto kasoma."

Tochi ya kwanza iliondoka na msafiri aliyekuwa anaruka kwenda Johannesburg. Nyingine zilibaki sebuleni zikisubiri kago.

Habari zilifika Ijumaa, mchana. Baba alikuwa amerudi kutoka msikitini, bado na kanzu, mama anapakua wali. Simu ilitoka kwa mke wa mjomba. Mama alisikiliza amesimama, kijiko cha kupakulia mkononi, na wali ukawa unadondoka sakafuni punje punje. Bunduki ilikuwa imepasuka nyuma, pale panapofungwa, mjomba akiwa ameiweka begani kupima baruti kwa ile tochi. Alikuwa hai. Jicho la kulia halikuwepo tena.

Kilichofuata nimekitafakari kwa miaka, na nakiandika kama kilivyokwenda. Mama alikaa kwenye katoni. Akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Ile tochi ilikuwa ya risasi kweli?"

Baba alivua kofia, akaikunja, akaiweka mfukoni. "Mwisho wake ulikuwa mia sita," akasema. "Mimi mwenyewe niliandika mia sita. Nilijua Haji atapiga bunduki ndogo tu, zile za mia nne. Muulize mwanao alimsomea nini."

Mama akanigeukia. "Rahma. Ulimsomea mjomba wako namba gani?"

"Elfu moja mia mbili."

"Iliandikwa hivyo?"

"Iliandikwa hivyo."

"Mtoto wa miaka kumi," baba akasema, kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. "Ndiyo kwanza anajifunza. Kaona sita kadhani nini sijui. Si kosa lake. Kosa ni la Haji kumpa mtoto kazi ya mtu mzima."

Nilisema tena kwamba iliandikwa moja, mbili, sifuri, sifuri. Mama alinitazama kwa muda. Nilikuwa nimesema kweli na nilikuwa nalia, na nilijifunza siku hiyo kwamba mtoto anayelia huonekana mwongo. Nilikimbilia kwenye maboksi ili nimwonyeshe. Baba akasema niyaache, yamefungwa, si wakati wake. Nilipotoka shule Jumatatu, sebule ilikuwa na nafasi ambayo sijawahi kuiona. Maboksi meusi yote yalikuwa yameondoka.

Mama alimpigia kaka yake hospitalini kumwomba radhi kwa niaba yangu. Simu ilikuwa kwenye spika. Sauti ya mjomba ilitoka nzito, kama mtu anayeongea kupitia shuka. Mama alimaliza maneno yake yote, kuhusu mtoto, kuhusu namba, kuhusu usomaji. Kisha mjomba akasema, "Mwacheni mtoto." Basi.

Niliyashika maneno hayo mawili kama hukumu. Nilidhani ndiyo msamaha, na asiye na kosa hasamehewi. Mjomba hakupiga tena simu ya video kuniulizia. Akipiga, aliongea na mama, na mimi nilijifanya nina kazi jikoni. Nikaamini kwamba hataki kuniona, na nikaona ana haki.

Nyumbani jambo lile halikuzungumzwa, lakini liliishi. Ukifika wakati wa kusoma namba ya kontena, mama alimwita baba. Nikisoma tarehe kwenye dawa, mama aliichukua chupa na kusoma tena, bila kusema kitu, kama mtu anayefuta meza iliyokwisha futwa. Mbele ya wageni baba aliligeuza kuwa kichekesho: "Huyu binti yangu hodari, ila msimpe hesabu asome." Wageni walicheka. Nami nilianza kucheka nao, na kufikia miaka kumi na miwili hivi nilikuwa nimeanza kuiona kweli ile stika ikiwa na sita. Hicho ndicho nisichoweza kumsamehe baba kwa urahisi. Jicho langu mwenyewe alinigeuzia. Mpaka leo nikisoma namba ya basi naisoma mara tatu. Watu kazini wananisifu kwa umakini, wanasema habari ninazoandika hazina makosa. Hawajui ulikotoka.

Kichina kilikuja. Nilisoma shule zao, nikaota kwa lugha yao, nikaanza kutafsiri kwa wafanyabiashara. Baadaye nikaanza kuandika. Siku moja, mteja aliniomba nimtafutie karakana za vipimo, na kwenye orodha nikaona mtaa wa nyuma ya ofisi za kago. Sikuwa na mpango wowote. Nilipanda tu zile ngazi za chuma.

Bosi Lin alikuwa amezeeka, miwani bado ina kamba. Alinikumbuka kwa balungi. "Yule msichana aliyepaliwa," akasema. Nikamuuliza kuhusu tochi za miaka ile, akaenda nyuma, akarudi na moja iliyovunjika kona, akaipangusa vumbi na kunigeuzia. Stika nyeupe, ya Kichina. Mishale, mipira, bunduki za upepo. Mwisho mita mia sita kwa sekunde. Chini yake, kwa wino mwekundu: isitumike kwa bunduki za baruti.

"Ikizidi hapo inafanyaje?" nikamuuliza. "Inazima?"

"Ingekuwa inazima ingekuwa afadhali." Akaweka mkono mezani, akaupandisha mpaka usawa wa paji la uso. "Hapa ndipo mwisho wa macho yake. Kitu kikienda kasi zaidi, inachanganyikiwa, inakihesabu kwa kurudi nyuma. Kasi inapanda, namba inashuka." Mkono ukapinda, ukaanza kuteremka. "Nilimwambia baba yako. Mara mbili. Wewe ulikuwa umekaa hapo ulipo. Ulicheka."

Nilikuwa namwona mjomba kwenye kibanda chake, anatia baruti, anapiga, anasoma namba, namba iko chini, anaongeza baruti kidogo, anapiga, namba imeshuka zaidi. Na namwona baba ananipapasa kichwa. Umeelewa anachosema? Yeye alikuwa ameelewa.

Hata hivyo, kauli ya mtu mmoja haitoshi. Baba alisema aliandika mia sita, na stika ya Lin ilisema mia sita. Bado ingewezekana mimi ndiye niliyekosea. Aliyekuwa na tochi yenyewe ni mmoja. Nilimpigia mjomba Haji kesho yake mchana, simu ya video, ya kwanza kati yetu tangu utoto wangu. Alipokea, akajisogeza ili aniweke upande wa jicho zima.

"Mjomba," nikasema. "Ile tochi unayo bado?"

Aliinuka, nikasikia kabati linafunguliwa. Aliporudi alikuwa nayo. Hakuniuliza naitakia nini.

"Igeuze. Nisomee namba kubwa kuliko zote."

"Unaijua, Rahma."

"Nisomee."

"Elfu moja mia mbili," akasema mjomba.

Nilizima kipaza sauti ili asinisikie. Nilipokiwasha tena nilimuuliza swali moja tu: alijua tangu lini?

"Tangu hospitali. Nilimwambia mke wangu ailete, nikaipapasa stika. Ilikuwa na nyingine chini yake upande mmoja, haikutoka vizuri." Alikuwa anaongea akiitazama tochi, si mimi. "Baba yako akanipigia kabla mama yako hajapiga. Alilia, Rahma. Mtu mzima. Akasema dada yangu akijua atarudi Tanga na wewe, na yeye hatakuwa na kitu. Nikamwambia, na mtoto je? Umemtwisha mtoto jicho langu. Akasema wewe ni mdogo, utasahau."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sawa."

Nje ya dirisha langu kuna mtu alikuwa anavuta gamtepu kwenye katoni, ule mlio mrefu wa kuchana.

"Ndiyo maana sikukupigia," akasema. "Si kwamba nilikuwa na hasira na wewe. Kila nikitaka kukupigia, naona nikikuona tu nitasema. Na neno nilishatoa."

"Mlipokubaliana juu yangu," nikasema, "mlifikiri nitasahau nini hasa? Kwamba nilisoma vibaya, au kwamba nilisoma sawa?"

Aliniomba radhi kwa heshima, kama anavyoombwa mtu mzima, na nikaipokea kwa sababu alikuwa amepoteza zaidi yangu na kwa sababu nilimpenda. Lakini sikumwambia sawa. Lile neno alikuwa ameshalitumia.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kula kwa wazazi. Wamehamia jengo lenye lifti, makatoni yamepungua. Baba alikuwa mchangamfu, ananihadithia mteja wa Mwanza. Mama alinijazia sahani, akauliza, kama anavyouliza kila mara, na kila mara mimi husema bado, "Hujazungumza na mjomba wako?"

"Nimezungumza naye," nikasema. "Kwa video. Nimemwomba anisomee stika."

Mama aliacha kupakua. Baba alikuwa na tonge mkononi, na aliliweka tena kwenye sahani taratibu, akaanza kupangusa vidole kimoja kimoja. Nilisubiri aseme kitu. Nilimpa nafasi ya kutosha, kwa sababu hadithi hii ilikuwa yake kuisema kwanza, na ningemsikiliza mpaka mwisho. Alipangusa vidole vyote, akaanza upya kwenye dole gumba.

Basi nikamgeukia mama nikamweleza, kwa mpangilio, tangu siku tuliyopanda kwenda kwa bosi Lin, nani alisema nini na nani alikuwa amekaa wapi. Ilichukua muda mrefu. Wali ukapoa. Mama hakuuliza hata mara moja kama nina hakika, na baba hakunikatiza popote kunisahihisha.